Mwarobaini umerudi tena: kikundi cha kujitolea kianzie wapi?

Swali hili limetoka kwa dada mmoja wa upande wa Gede, Malindi. Nimelifupisha kidogo:

"Sisi ni kikundi cha akina mama na vijana, kama watu 20. Nyuma ya kijiji chetu kuna kipande cha msitu wa asili kilichobaki juu ya mawe ya matumbawe, ekari 4 hivi. Kimejaa lantana na mwarobaini. Mwaka jana wakati wa kaskazi tulikifyeka chote, tukapanda miche tuliyopewa bure. Masika yalipokwisha, lantana ilikuwa imerudi nene kuliko mwanzo, mwarobaini umeota kila mahali, na ile miche tuliyopanda mingi imekauka. Watu wamevunjika moyo. Wengine wanasema tutafute dawa ya kupuliza. Na kuna mzee jirani ana mwarobaini mkubwa uani kwake, tunaambiwa ndio unaotuletea balaa, lakini hataki kusikia habari ya kuukata. Tufanye nini?"

Dada yangu, salamu kwako na kwa wenzako wote.

Nianze na jibu lenyewe, maana mvua hazingoji mtu: msifyeke tena kipande chote. Anzeni pale msitu ulipo mzima zaidi, mshike eneo dogo, mlirudie na kulirudia mpaka mimea ya asili ilitawale, ndipo msogee mbele. Kasi ya kung'oa iamuliwe na kasi ya mimea ya asili kuota, wala si wingi wa watu waliojitokeza siku hiyo. Yote nitakayoandika hapa chini ni kueleza kwa nini nasema hivyo, na namna ya kufanya.

Mlipofyeka ekari 4 kwa mkupuo mmoja, mliondoa magugu na kivuli kwa pamoja. Ardhi ya msitu wa matumbawe ni haba. Ni udongo mwekundu kidogo uliojikusanya kwenye nyufa na mashimo ya mawe, na juu yake tabaka la majani makavu linaloshika unyevu. Kivuli kikiondoka wakati wa kaskazi, jua la Januari na Februari huikausha ile akiba ndani ya siku chache. Mche wa mti wa msitu hauwezi hali hiyo. Lantana inaiweza, tena inaipenda.

Lantana asili yake ni nchi za joto za Amerika, na ilisambazwa duniani kwa ajili ya maua yake. Ukiikata kwa panga juu ya ardhi hujaiua: kisiki kinachipua vijiti vingi pale palipokuwa na kimoja. Tawi lililolala juu ya udongo wenye unyevu laweza kutoa mizizi likaanza maisha upya. Na chini ya kila kichaka kuna mbegu za miaka kadhaa, zilizoangushwa na ndege waliokula yale matunda meusi, zinazongoja mwanga tu. Mlipofyeka, mwanga ndio mliozipa.

Mwarobaini una habari nyingine kabisa, na ni muhimu mzitenganishe hizi mbili kichwani, kwa sababu kundi moja la watu likiyafanyia magugu mawili kazi ya aina moja, litashinda moja na kushindwa na jingine. Mwarobaini ulitoka Bara Hindi, umekaa mwambao huu tangu enzi za mababu, na hakuna nyumba ya Malindi au Lamu isiyojua dawa yake. Unakua haraka, unaanza kuzaa ukiwa na miaka 3 hadi 5, na matunda yake ya manjano hupendwa na shore, kunguru na popo. Wanakula huku, wanatua kwenye miti yenu kule, mbegu inaanguka. Na hapa ndipo unapotofautiana na lantana: mche wa mwarobaini unavumilia kivuli katika miaka yake ya kwanza. Ndiyo maana mnaukuta katikati ya msitu mzima, ambako lantana haijafika, umesimama kimya unangoja mti mkubwa uanguke.

Lakini una udhaifu mmoja ambao watu wengi hawaujui. Mbegu yake haidumu. Ikishaanguka, nguvu yake ya kuota hupotea baada ya wiki chache, au miezi michache ikipata bahati. Maana yake ni kwamba ule utitiri wa miche mliouona baada ya masika ni matunda ya msimu uleule. Chini ya udongo hakuna akiba ya miaka. Mkizuia matunda ya msimu mmoja yasidondoke, na mking'oa miche iliyokwisha kuota, kipande hicho kimepona mpaka ndege walete mbegu nyingine. Kwa lantana hamtapata nafuu ya namna hiyo, kwake lazima mjipange kwa miaka.

Njia ninayowapendekezea si yangu. Miaka ya 1960 huko Sydney, Australia, dada wawili wa familia moja, Joan na Eileen Bradley, walianza kung'oa magugu kwenye vichaka vya asili vya mtaa wao wa Mosman. Walitumia mikono na vifaa vidogo tu. Walichogundua ndicho kikawa mwongozo wa vikundi vingi vya kujitolea nchini kwao: fanya kazi kutoka palipo pazuri kuelekea palipoharibika, vuruga udongo kidogo iwezekanavyo, urudishe majani makavu mahali pake, na usiondoe magugu kwa haraka kuliko mimea ya asili inavyoweza kujaza nafasi. Lantana hii hii ni balaa kwao pia. Mvua zao na miti yao si kama yetu, lakini kanuni hizo zinafaa kwenye matumbawe ya Gede kama zinavyofaa kwao, na pengine hapa zinafaa zaidi, kwa sababu kwenye mwamba huwezi kuchimba mashimo ya kupandia popote utakapo. Mche ulioota wenyewe kwenye ufa wa jiwe umekwisha kuchagua mahali pake. Mizizi yake iko chini kwenye unyevu ambao sururu yako haifiki.

Sasa tuingie kwenye ekari zenu 4.

Kabla ya kushika panga, pitieni kipande chote kwa miguu, watu wanne au watano, polepole, siku moja baada ya mvua. Tafuteni pale ambapo juu kuna miti ya asili bado, mbambakofi, mkwaju, mgurure, mbuyu, chochote kilichobaki, na chini magugu ni machache. Pengine mtakuta ni kona ndogo tu. Hapo ndipo pa kuanzia, japokuwa macho yatavutwa kwenye kichaka kinene cha lantana kinachokera kila apitaye. Kile kichaka kinene kiacheni. Hakitazidi sana kuharibika kwa miaka miwili zaidi, ila ile kona nzuri inaweza kupotea ndani ya muda huo.

Pimeni eneo la kama hatua 20 kwa 20. Ndani yake kazi ya kwanza ni kuchuchumaa na kutazama. Nasema hivi kwa msisitizo kwa sababu vikundi vingi nilivyoviona vinaua miche ya asili kwa mkono uleule unaong'oa magugu. Chukueni kanga kuukuu, mzichane vitambaa vyembamba, na kila maotea ya mti wa asili mnayoyatambua yafungieni kijiti chenye kitambaa pembeni yake. Mkimaliza kufunga, ndipo mng'oe.

Mwarobaini mchanga unatambulika: vijani vyake vina meno pembezoni, vimepinda kidogo kama mundu, na upande mmoja wa kijani ni mpana kuliko mwingine pale kinapoanzia. Ukikifikicha kina harufu kali, na uchungu wake hakuna asiyeujua. Mwenye kuharakisha huuchanganya na mjafari, maana wote wawili majani yao yamepangika mawili mawili kwenye kikonyo. Lakini mjafari una miiba, na ukifikicha jani lake linanukia kama ndimu. Mjafari ni wetu, ni dawa ya wazee, uacheni. Mbambakofi mchanga huenda mkauona karibu na ganda gumu la tunda lililopasuka, na zile mbegu nyeusi zenye kofia nyekundu ya rangi ya machungwa bado ziko chini. Kwa miche msiyoijua, msing'oe. Mwiteni mzee wa kijiji au mwanamke anayechuma dawa msituni; ujuzi wake hapo unapita wa mtu mwenye shahada aliyetoka mbali.

Miche ya mwarobaini iliyo chini ya goti ing'oeni kwa mkono baada ya mvua, mkishika pale shina linapoingia ardhini ili mzizi utoke wote. Iliyo na unene wa mkono haitoki kwenye mawe; ikateni chini kabisa, na kila mkirudi yapukuseni machipukizi yakiwa bado laini. Kisiki kisichopewa nafasi ya kuvaa majani huchoka. Kwa miti mikubwa, msiiangushe. Mti mkubwa ukianguka unaponda yaliyo chini yake na kufungua dirisha la jua, na lantana inaingia. Badala yake bandueni gome kuzunguka shina lote, upana wa sentimita 30 au zaidi, mteremke hadi usawa wa ardhi, na mkwangue ule utelezi wa chini ya gome mpaka ubao uwe mkavu. Mkiacha hata utepe mwembamba, jeraha litajiziba. Mti utakufa taratibu ukiwa umesimama, mwanga utaingia kidogo kidogo, na miche ya asili iliyo chini itapata muda wa kunyanyuka. Fanyeni mmoja au miwili kwa msimu, mkianza na inayozaa sana. Ila ule ulio kando ya njia wanayopita watoto msiubandue, maana mti mkavu siku moja utaanguka. Huo tafuteni fundi wa msumeno auteremshe kwa vipande.

Lantana mnaikata matawi kwanza ili mwone shina, kisha mnang'oa shina na fundo la mzizi. Kwenye mawe tumieni mtaimbo mwembamba, si jembe. Mizizi iliyotoka itundikeni juu ya matawi ikauke, isilazwe chini. Matawi nayo yaanikeni juu ya mawe yakauke kabisa yasije yakatoa mizizi, ndipo myakate vipande na kuyatandaza juu ya udongo uliobaki wazi, yawe kivuli kwa miche. Msichome moto. Moto kwenye msitu wa pwani huua mbegu na miche yetu, na linalofuata moto ni lantana.

Kisha rudisheni majani makavu. Hili naliomba kwa namna ya pekee. Nimeona vikundi vinafagia msitu mpaka udongo unang'aa, kwa nia njema kabisa, ili paonekane pasafi. Katika misitu ya upande wenu, Arabuko-Sokoke na vipande vilivyobaki hadi magofu ya Gede, anaishi sengi mwenye kiuno cha rangi ya dhahabu, mnyama mdogo mwenye pua ndefu ambaye hapatikani kwingine duniani ila kwenye ukanda huu mdogo wa pwani. Analala kwenye kiota cha majani makavu chini, kinachofanana na lundo lolote la majani, na chakula chake ni wadudu anaowachokora humo humo. Ukifagia, umebomoa nyumba yake na jiko lake. Kwa sababu hiyohiyo msiondoe vichaka vyote kwa wakati mmoja, hata vya lantana: ndege na wanyama wadogo wanavitumia kujificha mpaka vichaka vya asili viwe tayari kuwapokea.

Baada ya hapo ni kurudi, na hapa ndipo kazi yote ilipo. Wakati wa masika rudini kwenye kipande kilekile kila baada ya wiki 4 hadi 6. Vuli ikija, tena. Kaskazi iacheni ardhi ipumzike, iwe msimu wa kukusanya mbegu, kutengeneza vifaa na kubandua magome. Wekeni sharti moja na mlishike: hakuna kufungua kipande kipya ikiwa kwenye kipande cha zamani kuna gugu lililopita goti. Mtu akisema leo tumekuja wengi tufungue upande wa pili, mwonyesheni la zamani kwanza. Watu 20 wanaokutana asubuhi moja kila wiki mbili wanaweza kutunza eneo kubwa kiasi baada ya miaka michache, lakini mwaka wa kwanza huenda mkamaliza robo ekari tu. Robo ekari iliyoshika ni faida kubwa kuliko ekari 4 zilizofyekwa.

Sasa miche mliyopewa. Hukunitajia ilikuwa ya aina gani, na mara nyingi kinachotolewa bure ni kile kinachoota kirahisi kitaluni: mvinje, lusina, mwarobaini wenyewe hata. Nchi yetu iko kwenye ari kubwa ya kupanda. Tarehe 13 Novemba 2023 taifa zima lilipewa mapumziko kwa ajili hiyo, na lengo lililotangazwa ni miti bilioni 15 ifikapo 2032. Ari hiyo ni jambo jema. Lakini idadi inayohesabiwa siku ya kupanda haisemi lolote kuhusu msitu. Hesabu ninayoiamini mimi ni ya miche iliyo hai baada ya kaskazi mbili. Na kwenye kipande chenye miti mama ya asili bado imesimama, kwa miaka miwili ya kwanza nisingepanda kitu. Ningengoja nione nini kinatoka chenyewe.

Pale ambapo miti mama haipo tena, pandeni, ila kwa mbegu mlizookota wenyewe karibu na hapo. Anzisheni kitalu kidogo chini ya mwembe. Mbambakofi hauna taabu: ondoeni ile kofia, lowekeni mbegu kwenye maji usiku mmoja, na mpande moja moja kwenye mfuko mrefu wa miche, maana mzizi wake unashuka haraka. Mkwaju ni rahisi pia. Changanyeni na vichaka vya asili kama mkone, kwa sababu vichaka hivyo huziba nafasi upesi na kuinyima lantana mwanga wakati miti bado ni mifupi. Hamishieni msituni mvua za masika zikishashika vizuri, zile mvua mbili tatu za kwanza zisiwadanganye.

Na kwa kuwa mko Gede, tembeleeni mradi wa Kipepeo hapo karibu na magofu. Tangu 1993 watu wanaoishi kandokando ya Arabuko-Sokoke wamekuwa wakifuga viluwiluwi vya vipepeo na kuuza mabundo yao (kile kifuko ambamo kiluwiluwi hugeuka kuwa kipepeo) nje ya nchi, na kila aina ya kipepeo inahitaji mimea yake maalumu ya kulishia viluwiluwi. Waulizeni ni mimea gani ya asili wanayoihitaji, mkaipande pembezoni mwa kipande chenu. Kijana anayeona shilingi ikitoka kwenye kichaka hahitaji kuhubiriwa.

Kuhusu dawa ya kupuliza: hapana. Dawa inayoua lantana inaua na yale maotea mliyoyafungia kanga. Tena mko juu ya matumbawe. Jiwe hilo limejaa matundu, maji yanazama moja kwa moja hadi kwenye visima mnavyochota. Iko njia ya kupaka dawa iliyosajiliwa kwa brashi kwenye kisiki kilichokatwa papo hapo, na kwa mashina makubwa ya mwarobaini inafanya kazi, lakini ni ya mtu aliyefundishwa na mwenye vifaa vya kujikinga. Kwa ekari 4 na mikono ya watu 20 sioni haja.

Usalama wa watu: buti, mikono mirefu, glavu nene. Pigeni kichaka kwa fimbo kabla ya kuingiza mkono, kifutu hapendi kushtushwa na hakimbii. Kukiwa na upupu umekauka, eneo hilo liacheni mpaka mvua iushushe. Na watoto wasile matunda ya lantana, wala mbuzi na ng'ombe wasilishwe majani yake, yana sumu.

Umesema watu wamevunjika moyo. Naamini sehemu kubwa ni kwa sababu walifanya kazi ngumu wakaona matokeo yamegeuka. Kazi ndogo inayoonekana huwarudisha watu. Simameni pahali palepale, elekezeni simu upande uleule, mpige picha kila baada ya miezi mitatu, mzibandike mahali mnapokutania. Pawepo mtu mmoja wa kuandika daftari: tarehe, kipande gani, waliofika, kilichong'olewa, maotea mapya yaliyoonekana. Mfadhili akija baadaye, daftari hilo litamshawishi kuliko fulana zenye nembo. Msianze kwa kulipana posho. Nimeona misaragambo iliyodumu miaka kwa mahamri na mbaazi baada ya kazi, na nimeona mingine iliyokufa wiki ile fedha za posho zilipokwisha. Kuni za lantana na fito za mwarobaini zigawanywe mbele ya watu wote, ili pasiwe na mtu anayeanza kuutaka mwarobaini uendelee kwa sababu unamlipa.

Ruhusa msiidharau. Ikiwa ardhi ni ya jamii, pateni maandishi kutoka kwa wanaoisimamia. Ikiwa ni msitu uliotangazwa rasmi, Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Misitu ya 2016 inataka wanajamii wapitie chama cha misitu cha jamii kwa makubaliano na Shirika la Huduma za Misitu. Ikiwa ni kaya, yaani msitu mtakatifu wa Wamijikenda, au eneo la matambiko, wazee wa kaya ndio wenye neno la kwanza, na kuna sehemu hamtaingia kabisa. Kikundi chenyewe kisajiliwe chini ya sheria ya usajili wa vikundi vya jamii ya 2022.

Kuna mambo mawili hukuyauliza ila yanawahusu. La kwanza ni mathenge, ule mti wa miiba (Prosopis). Ulipandwa nchini miaka ya 1970 kule Bamburi kufunika machimbo, kisha ukapelekwa sehemu kavu kama Baringo na Tana, na kufikia 2008 serikali ilikuwa imeutangaza kuwa gugu haribifu. Mifugo hula maganda yake na kuitoa mbegu kwenye kinyesi ikiwa tayari kuota, na iliyobaki ardhini hudumu miaka. Mkiuona mche mmoja kando ya barabara au kwenye zizi, acheni kila kitu mwende mkaung'oe siku hiyohiyo, mkichimba chini ya shingo ya mzizi, maana ukikatwa juu unachipua. Kanuni ya kuanzia palipo pazuri haipingani na hili: gugu jipya likiwa bado moja moja ndio wakati pekee ambao mnaweza kulimaliza kabisa.

La pili ni mikoko, kwa kuwa najua vikundi vya Gede hualikwa kwenye hori ya Mida kupanda. Tunda la mkoko ni refu, linachomekwa kwenye tope kirahisi, na kwa sababu hiyo linachomekwa hata pasipo pake. Upande wa bahari ni pa mlilana. Kuelekea nchi kavu ni pa mkandaa na mchu. Tope tupu ambalo halijawahi kuwa na mikoko ni malisho ya ndege wa pwani, liacheni. Mahali ambapo mikoko ilikuwepo ikafa, ulizeni kwanza kama maji bado yanaingia na kutoka kama zamani. Maji yakirudi, mbegu zinakuja zenyewe.

Nimalizie na mzee wenu. Msimkatie mti wake, na msiende tena kumwomba aukate. Amekaa chini ya kivuli kile maisha yake, na dawa ya wajukuu inatoka pale. Pia hautakuwa mwarobaini pekee unaowapelekea mbegu; popo husafiri mbali. Mwendeeni kwa heshima, wawili au watatu, na mmwombe jambo dogo: matunda yakianza kugeuka manjano, vijana waje asubuhi kuyachuma matawi ya chini na kuokota yaliyodondoka. Hakuna ugumu kumwelewesha faida yake, kwa sababu mbegu hizo zina mafuta, watengenezaji wa sabuni huzihitaji, na zikitwangwa na kulowekwa maji yake hunyunyiziwa sukuma wiki dhidi ya wadudu. Gawaneni naye mapato. Kisha angalieni miti ya msituni iliyo karibu na ua wake, ile ndege wanakotua wakishashiba, na mpite chini yake kung'oa miche kila baada ya wiki 4 kwa miezi mitatu baada ya matunda kwisha. Sehemu hiyo ipeni mtu mmoja aisimamie, ikiwezekana mjukuu wake.